Tunapoenda kuangalia nyumba inayouzwa

Ukitembea katika mji wetu wa Bukavu, iwe Ibanda, Kadutu ao Bagira, utasoma kwenye kuta nyingi maneno yaliyoandikwa kwa rangi, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiswahili: «Nyumba hii haiuzwi.» Pengine wameongeza chini yake: «Mujihazari na makomisionere.» Mgeni kutoka mbali anaweza kucheka, maana ni nani anayeandika kwenye ukuta wake kwamba hauzi? Sisi hatucheki. Maneno yale yanaandikwa na watu waliokwisha kuona wageni wakiingia kwao na kupima vyumba kwa macho, wakati wenyewe hawakujua kwamba nyumba yao iko sokoni.

Juma hili tunataka kuongea juu ya adabu ya kuangalia nyumba inayouzwa. Tunajua wengine watasema: adabu gani tena? Mtu anauza, mnunuaji anaingia, anaangalia, anataja bei, anatoka. Ndivyo tunavyofanya tukinunua mbuzi. Lakini mbuzi haina mama ndani yake anayepika, haina watoto wanaosikiliza nyuma ya pazia, haina mpangaji aliyelipa garanti. Nyumba inayouzwa, mpaka siku ya kutoa funguo, ni makao ya watu.

Katika vikundi vyetu vya AVEC kuna wamama walioanza na hisa ndogo ndogo za kila juma, miaka ikapita, na sasa wanatafuta kiwanja ao nyumba ya vyumba viwili. Mama wa namna hii haendi peke yake. Anatuita, nasi tunamsindikiza. Ndivyo tulivyoingia katika nyumba nyingi za watu. Chache zilinunuliwa, nyingi hapana. Na tumejifunza kwamba anayeingia kwa heshima anaona mambo ambayo anayeingia kwa haraka hayaoni. Yule asiyemsalimia mama wa nyumba amemkosea, na tena ananunua macho yakiwa yamefungwa.

Tuanze na komisionere, maana kwetu karibu kila nyumba inapitia kwake. Wako makomisionere wazuri, tunawafahamu, wanafanya kazi yao vizuri na wanalisha watoto. Lakini komisionere ana haraka, sababu anaogopa mwenzake atauza mbele yake. Atakupigia simu saa tano: «Mama, mukuje sasa, kuna mtu mwingine iko njiani.» Huyo mtu mwingine yuko njiani siku zote. Sisi tunamuuliza maneno mawili kabla ya kuvaa viatu. La kwanza, pesa yake ya kututembeza ni ngapi, na kama ni kwa nyumba moja ao kwa siku nzima. Tunapatana mbele, maana kubishana juu ya pesa ya miguu mlangoni pa watu ni haya. La pili, na hili ndilo kubwa: «Watu wa ile nyumba wanajua kama tunakuja?» Kama anasema wanajua, tunamwomba awapigie simu nasi tuko pale, tusikie. Kama anaanza kusema «msiwe na wasiwasi», tunabaki nyumbani.

Saa ya kwenda ina maana. Asubuhi mapema watu wanaoga, watoto wanaenda masomoni. Saa ya chakula haifai, sababu mama mwenye heshima atataka kuwagawia, na pengine sufuria ilipimwa kwa watu wa nyumba tu. Siku ya mungu asubuhi watu wako kanisani. Jioni hakuna umeme na mtu haoni nyufa. Saa nne ya asubuhi ao saa tisa ya mchana ni nzuri. Na kama mkifika mkute kuna kilio, hakuna tena kuangalia nyumba siku hiyo. Toeni pole, mkae kidogo, mwende.

Msiende wengi. Sisi wamama tunapenda kutembea kama tunaenda kupeleka mahari, watu kumi na vikwembe vya rangi moja. Kwa nyumba inayouzwa, watu watatu wanatosha: yule atakayenunua, mmoja anayejua mambo ya kujenga, na mmoja wa kusikiliza. Watoto wabaki. Mvua ikinyesha, na kwetu inanyesha, panguseni matope ya viatu mlangoni ao mvivue kabisa. Na hakuna anayebeba pesa ya kununua siku ya kuangalia, hata ya arbuni. Pesa iliyo karibu inatafuta kutoka.

Sasa mmefika. Bisheni hodi, hata kama komisionere amekwisha kuingia kama kwa mamake. Salimieni yule mnayemkuta, hata akiwa mtoto wa miaka saba: «Jambo, mama iko?» Wakiwapa kiti, kaeni. Wakiwapa maji, kunyweni hata kidogo. Komisionere atasimama mlangoni akiangalia saa, mwacheni asimame. Zile dakika kumi za kukaa ndizo zinazotuonyesha zaidi, kwa sababu ndani yake tunajua ni nani anayetupokea. Ni bwana tu? Ni bwana na bibi yake? Ni kijana anayesema yeye ni mdogo wa marehemu? Mama wa nyumba yuko wapi, na anatuangalia namna gani?

Siku moja tulimsindikiza mwenzetu kwenye nyumba moja ya Kadutu, ya matofali, yenye veranda ndogo. Bwana alitupokea vizuri sana, karatasi zake zilikuwa tayari ndani ya mfuko wa plastiki. Tulipomaliza kusalimiana tukauliza: «Na mama?» Akasema yuko nyuma, anafanya kazi, tusisumbuke. Tukasema hapana, sisi ni wamama, hatuwezi kuingia katika nyumba bila kumsalimia mwenzetu. Tukamkuta karibu na mbabula anatwanga sombe. Akafurahi kutuona, akapangusa mikono, akatuuliza tumetoka kanisa gani. Alidhani tumekuja kusali.

Hapo ndipo penye ugumu, na hata kati yetu hatukupatana. Wengine walisema tungemwambia mara moja, maana ni nyumba yake pia. Wengine walisema hapana, hatukuja kuwasha moto kati ya bwana na bibi kisha kuuacha tukaenda zetu. Njia tunayoishika leo ni hii: hatutangazi, lakini hatudanganyi. Tulimwambia, «Mama, tulikuja kwa baba, mutaongea naye.» Akatutazama, akatazama komisionere, akauliza: «Ni juu ya nyumba?» Tukajibu: «Ndiyo, mama, ndivyo tulivyoambiwa.» Kisha tukamwambia bwana, kwa sauti ya pole, kwamba tutarudi siku watakapotupokea wote wawili. Hatukuangalia hata chumba kimoja.

Bwana yule alikasirika, na komisionere alikasirika kumpita. Lakini sheria ya inchi yetu inasema jambo lilelile ambalo adabu inasema. Kodi ya Familia ya mwaka 1987, ambayo iligeuzwa sehemu nyingi mwaka 2016, inaomba makubaliano ya bwana na bibi, wote wawili, kwa kuhamisha haki ya kiwanja kwa mtu mwingine. Bwana hawezi kusema kwamba jina lake peke yake liko kwenye karatasi. Kwa hiyo yule mama aliyekuwa anatwanga sombe alikuwa mtu ambaye bila mkono wake mwenzetu angenunua kesi. Na ni nani angetuambia, kama tungefuata komisionere kutoka saloni mpaka chumbani na kurudi?

Baada ya hapo, kutembea ndani. Mwenye nyumba anatangulia, ninyi mnafuata. Mlango uliofungwa haufunguliwi na mgeni. Chumba cha kulala kinaombwa: «Mama, tunaweza kuona na hapa?» Akisema kuna mgonjwa ao mtu amelala, inatosha, mtaangalia siku nyingine. Hakuna kufunua masufuria, hakuna kusukuma pazia, hakuna kukalia kitanda ili kujua kama chumba ni kikubwa. Tunaandika haya kwa sababu tumeyaona.

Foto ni jambo la siku hizi. Kijana anaingia na telefone juu, anapiga saloni, anapiga vyumba, anapiga hata nguo zilizoanikwa. Jioni foto ziko kwenye vikundi vya WhatsApp, na kila mtu wa mji anajua televizio ya watu iko pembe gani na dirisha gani halina vyuma. Katika mji wetu, ambamo watu wanaingiliwa usiku, hilo si jambo dogo. Ombeni ruhusa, mkiruhusiwa, pigeni ukuta na paa, msipige vitu wala watu.

Na ulimi. Msiseme mabaya ya nyumba mkiwa ndani ya nyumba. «Hii choo!» «Hapa tutavunja.» «Nani alijenga hivi?» Yule aliyejenga hivi amesimama nyuma yenu, na labda alijenga kwa mshahara wa miaka kumi. Wengine wanajidanganya kwamba wakisema kwa lugha ya kwao hawatasikiwa. Katika Bukavu! Hapa mtu anasikia Kishi, Kirega, Kihavu, Kifuliru, Lingala na Kifaransa bila kutoka kwenye avenyu yake. Hesabu za kuvunja na kujenga ziwekeni moyoni mpaka mfike barabarani.

Tena msiulize mbele ya watoto kwa nini wanauza. Mara nyingi sababu ni ugonjwa, deni, ao watu kugombana, na watoto hawajaambiwa. Mtoto mmoja alitufuata mpaka kwenye mlango wa inje, akatuuliza kama mbwa pia inauzwa. Hatukuwa na jibu.

Lakini adabu haimaanishi kununua bila kuuliza. Sisi tunauliza sana, ila tunajua wa kumuuliza. Bwana anajua karatasi. Mambo ya kukaa ndani ya nyumba kila siku, muulizeni mama. Ni yeye anayebeba bidoni, kwa hiyo ni yeye anayejua kama robine ile nzuri ya uani inatoa maji ao ni pambo tu. Msiende kuifungua ninyi wenyewe kama polisi. Muulizeni: «Mama, hapa maji inakuja siku gani?» Ukimuuliza mama hivyo, atakuambia siku, saa, na mahali pa kuchota wakati hayaji. Muulizeni umeme unakuja saa gani, na kama kuna deni la maji ao la umeme kwa jina la nyumba. Muulizeni juu ya choo, shimo limejaa mara ngapi na maji yake yanakwenda kwa nani.

Zaidi ya yote muulizeni juu ya mvua. Mji wetu umejengwa kwenye milima juu ya ziwa Kivu, udongo wake unateleza, na kila majira ya mvua tunasikia kuta zimeanguka na watu wamelala chini yake. Nyumba iliyopakwa rangi juma lililopita inaweza kuwa inaficha ufa wa mkono mzima. Msiuulize ukuta; muulizeni mama analala wapi mvua ikinyesha usiku. Mmoja alitujibu: «Siku ya mvua tunahamisha watoto kwa saloni.» Hakuna fundi ambaye angetueleza vizuri kuliko vile. Halafu shukeni mkasalimie jirani wa chini, maana yeye ndiye anayepokea maji na mawe ya nyumba ile, na hana sababu ya kuwaficha. Angalieni pia njia ya kuingilia: mgonjwa anaweza kubebwa hapa? Jeneza linapita? Moto ukiwaka, watu watatokea wapi? Kuna viwanja vyetu ambavyo mtu anafika kwa kupita katika jikoni ya jirani watatu, na jirani hao siku moja wanaweza kufunga.

Kuna nyumba ambazo zina wapangaji. Hao nao wanasalimiwa kama wenye nyumba, kwa sababu chumba wanacholipia ni chao mpaka mwisho wa mapatano. Msiwaulize: «Ninyi mutatoka lini?» Si kazi yenu kuwapa habari hiyo, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuwaambia. Lakini muulizeni mwenye nyumba, pembeni, garanti yao iko wapi na ni nani atakayeirudisha. Sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa inasema garanti isipite miezi 3. Hata hiyo miezi 3 ni pesa nyingi kwa mama anayeuza ndizi. Mnunuaji asiyeuliza anajikuta mlangoni na watu watano wanaomdai pesa ambayo hakuila.

Tunafika kwa jambo ambalo lilitufanya tuandike.

Nyumba nyingi zinauzwa baada ya kifo cha bwana. Komisionere anasema, «Mzee alikufa, familia inauza.» Familia ni neno kubwa. Sisi tunauliza: familia, ni akina nani? Kwa sababu kwa sheria yetu watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wanakaa na bwana yake na kutumia vyombo vyake. Wadogo wa marehemu hawawezi kuipita haki ya watoto kwa sababu tu walikuja kwenye kilio na shati nyeupe. Lakini mmezoea kuona inavyokwenda. Matanga yanaisha, wanakaa kikao, wanamwita komisionere, na wageni wanaletwa kuangalia saa ambayo mjane yuko sokoni.

Nyumba ilikuwa Ibanda, si kubwa, na mti wa avoka mbele. Tulipokewa na wanaume wawili waliosema wao ni wadogo wa marehemu. Ukutani palikuwa na picha ya mzee. Kwenye kamba ya uani palikuwa na kikwembe kibichi, na suruali ndogo za masomo, nne. Tukauliza mama wa nyumba yuko wapi. Wakasema alikwisha kurudi kijijini kwao, tangu zamani. Mmoja wetu akaangalia kikwembe kile. Maji yalikuwa bado yanadondoka.

Hatukugombana. Tuliomba maji ya kunywa, na kwa sababu hakuna aliyejua glasi ziko wapi, tukatoka kuomba kwa jirani. Jirani akatuambia: mama yuko soko la Kadutu, anauza sambaza, atarudi saa kumi. Basi tukarudi, tukawaambia wale ndugu kwamba tutamngojea ili tumsalimie. Tukakaa chini ya avoka. Komisionere alituambia tunamharibia siku, na kwamba wanunuaji wengine hawafanyi hivi. Tulimwamini, maana ni kweli, wengine hawafanyi hivi.

Alikuja na beseni kichwani, sambaza kidogo zilikuwa zimebaki. Alitukaribisha kabla ya kujua sisi ni nani. Mwenzetu ambaye alitaka kununua ndiye aliyesimama, akamwambia kwa heshima: «Mama, pole kwa kufiwa. Tuliitwa kuangalia nyumba, lakini hatukutaka kuingia bila ninyi.» Akashusha beseni. Akasema neno moja tu: «Hii nyumba iko ya watoto.» Hakulia, hakupiga kelele. Alisema tena, akimwangalia shemeji yake mkubwa, kisha akaanza kuanua nguo.

Tulinunua zile sambaza zilizobaki, tukaenda. Siku iliyofuata wawili wetu walirudi kumwona, si kama wanunuaji, wakamsindikiza kwa shefu wa kartie, na kisha kwa wanasheria wanaosaidia wajane. Tungependa kuwaambia kwamba mambo yalitengenezwa. Kesi iko bado tribinali. Baada yetu walikuja wanunuaji wengine wawili saa ya soko, wakaangalia vyumba vyote, na mmoja alitoa arbuni. Sasa huyo naye ni mtu wa kesi, anatafuta pesa yake, na wale ndugu wameitumia. Kama angeuliza kikwembe kile ni cha nani, leo angekuwa na pesa yake mkononi.

Juu ya karatasi hatutasema mengi, tutachukua juma lingine kwa ajili yake. Kumbukeni hili tu: kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973, udongo ni mali ya Serikali, na kinachopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine ni haki ya kuutumia, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Haki hiyo inaonyeshwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na konservata. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi wawili kwenye meza ya ganda haitoshi. Mwende ofisi ya viwanja mkaulize jina liko la nani, mbele ya kuhesabu dola hata moja. Ila ofisi haitawaambia kama mjane yuko sokoni. Hilo mnalijua kwa kukaa na kungojea.

Na sisi tunaouza je? Maana siku nyingine ni sisi. Waambieni watoto kabla wageni hawajafika, kwa maneno yanayofaa umri wao. Wasisikie kutoka kwa komisionere. Fungeni mbwa. Wekeni pesa, vyeti vya masomo na dawa mahali penye funguo. Msipake rangi juu ya ufa. Msiwe peke yenu na wageni msiowajua, mwiteni jirani ao dada. Na kama bwana anauza nanyi hamkubali, msiende kujificha jikoni siku wageni wakija. Kaeni saloni. Mnunuaji mwenye akili akiwaona mmekaa pale na hamcheki, atauliza.

Kubakia bei. Hatupatani bei ndani ya nyumba siku ya kwanza, wala hatutaji bei ya mchezo ili tuone mwenye nyumba atasema nini. Mtu anayeuza nyumba kwa sababu ya operesheni ya mtoto akisikia hesabu kutoka kinywani mwenu, ameishaipeleka hospitali kichwani mwake. Halafu mnasema «tutarudi», hamrudi. Anangojea juma, anamkataza mnunuaji mwingine sababu yenu, anapiga simu, hamshiki. Hilo neno «tutarudi», sisi tunaliona ndilo linaloumiza watu zaidi katika mambo haya yote, kupita matope ya viatu na kupita foto.

Kwa hiyo katika kikundi chetu tumepatana siku mbili. Siku mbili baada ya kuangalia, yule anayetafuta nyumba anapiga simu, na anampigia mwenye nyumba mwenyewe, si komisionere tu. Kama anaitaka, anasema anaitaka na lini watakutana, bwana na bibi wakiwa wote. Kama haitaki, anasema: «Mama, aksanti kwa kutupokea. Sisi hatutanunua.» Hahitaji kueleza choo wala ufa. Inite za maneno hayo ni kidogo, na mama yule anaweza kumwita mwingine siku ileile.